Kangaga la juu ya mti halinyonyi mti

Kwenye mashamba ya migomba juu ya Moshi, wapo wanaokwangua makangaga kwenye miti ya kivuli wakiamini yanaifyonza. Imani hiyo ya siku nyingi inachanganya kangaga na kirukia, mmea unaofyonza mti kweli.

Kata tawi lenye kirukia uone: limevimba, na mzizi wake umezama ndani ya ubao. Kangaga aina ya Drynaria volkensii hubanduka na gamba kavu tu, ubao chini yake mzima. Chakula chake liko nacho lenyewe: majani mafupi ya kahawia yaliyosimama shinani (yamekauka lakini yana kazi, msiyang'oe!) hukinga majani makavu na vumbi, vikaoza kuwa udongo wa mizizi. Majani marefu ya kijani hubeba spora, yaani chembe za uzazi, ndani ya vile vidoa vya chini ambavyo wengine huvipulizia dawa bure. Spora huota kijimea cha milimita chache, na mbegu za kiume huogelea majini kulifikia yai. Ndiyo maana msitu mkavu haulifai.

Hatari iliyopo ni uzito. Likilowa masika, laweza kuvunja tawi bovu.

Ukilihamisha, lifunge gogoni kwa kamba ya katani. Usilifukie shina, litaoza.