Theluji Si Nyeupe, Wala Si Buluu

Wiki iliyopita nimeletewa tena swali lilelile. Safari hii limetoka kwa kijana wa nyumbani aliyehamia Norwei na kuanza kushika brashi: "Shikamoo dada. Nataka kuchora theluji. Ninunue nyeupe ya aina gani?" Mwezi mmoja kabla yake, shangazi yangu wa Tanga alikuwa ameangalia kwenye simu kazi iliyonila siku nne, akanijibu kwa upendo wake wote: "Mwanangu, imependeza. Lakini theluji mbona umeipaka rangi, au huko kwenu imechafuka?"

Nimeshaeleza jambo hili kwa simu, nimelieleza harusini, nimelieleza kwenye foleni ya kahawa siku za maonyesho. Leo naliandika, ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Theluji si nyeupe. Ukiiona nyeupe ni kwa sababu umeshaambiwa ni nyeupe. Akili imejibu kabla jicho halijafunguka sawasawa. Watu wa pwani niwaulize: bahari ina rangi gani? Mtoto wa darasa la kwanza atasema buluu. Mvuvi hatakujibu mpaka umwambie ni saa ngapi, ni kaskazi au kusi, ni bamvua au maji mafu, na kama mto umeteremsha tope la masika. Theluji nayo ni hivyohivyo, tena imeizidi bahari. Theluji iliyoanguka jana ni hewa kwa sehemu kubwa, na kilichobaki ni vipande vya barafu visivyo na rangi, vimelaliana ovyo, vikirushiana mwanga mpaka karibu wote unatoka nje ulivyoingia. Kwa hiyo inakurudishia ilichopewa. Ipe jua la alasiri ya Machi, itakurudishia manjano ya samli. Iweke chini ya ukuta wa nyumba nyekundu ya mbao, na huku nyumba za namna hiyo ni nyingi, utaona waridi limemwagika hatua mbili tatu kutoka ukutani. Kwenye kivuli jua halifiki. Kinachoiangaza ni anga, na anga ni samawati. Basi kivuli ni samawati.

Vitabu vingi vya kufundishia huishia hapo: "vivuli vya theluji ni vya buluu." Mwaka 1869 majaji wa Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, waliikataa picha ya mchoraji Mfaransa Monet ya ndege mmoja juu ya lango la shamba lenye theluji, imejaa vivuli vya buluu. Leo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, na watu hupanga foleni kuitazama. Mafunzo yamefika, tunashukuru.

Hasira yangu inaanzia hapo hapo. Mtu akishaachana na nyeupe, anakimbilia buluu. Ananunua tyubu moja ya ultramarini, buluu iliyokolea, na kuimwaga kila mahali: mchana, jioni, Desemba, Aprili, kwenye mwanga na kwenye kivuli. Mwenye duka la picha mmoja aliwahi kuniomba niongeze buluu kwenye michoro mitatu iliyokwisha, eti wanunuzi wanaipenda. Nilizirudisha nyumbani zote tatu. Wengine hunitajia mchoraji wa Norwei Harald Sohlberg na picha yake ya milima ya Rondane usiku, ya mwaka 1914, iliyoko Makumbusho ya Taifa Oslo, ambayo kweli ni buluu tupu. Ndiyo, lakini tazama tena: ni usiku, kuna nyota moja juu ya bonde, na Sohlberg aliihangaikia milima hiyo tangu 1899. Buluu ile ni ya saa ile na ya milima ile. Huwezi kuichukua na kuibandika kwenye saa tano asubuhi.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni hili. Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, juu ya mzunguko wa Aktiki. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na kwa sababu milima imeziba upande wa kusini, mjini tunalisubiri mpaka tarehe 21 Januari, siku ya kula maandazi ya mviringo yenye jemu yanayoitwa solboller. Majira hayo huitwa mørketid, wakati wa giza. Kila mwaka naona michoro inayoitwa kwa jina hilo, na ndani yake miti ya betula imetupa vivuli virefu vya buluu juu ya theluji. Vivuli vya nini? Jua liko wapi? Kama hujachora mwezi wala taa ya barabarani, kivuli hicho umekitoa kichwani.

Wakati wa mørketid theluji huchorwa kwa njia nyingine kabisa, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Mchana kama wa saa sita, upande wa kusini anga huwa na ukanda wa chungwa uliofifia, juu yake waridi, juu ya waridi zambarau, na utosini buluu nzito ambayo sijaiona Tanga maisha yangu yote. Buluu hiyo si dada wa samawati ya mchana. Jua likiwa chini ya upeo, mwanga hupita njia ndefu sana ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni humeza chungwa na manjano. Kinachotufikia kutoka utosini ni kile kilichoachwa. Sasa theluji haina jua la kuipiga upande mmoja, lakini kila mteremko wake unaelekea kipande chake cha anga. Tofauti zote zinatoka hapo.

Chukua tuta moja dogo tu, la urefu wa goti, pale kando ya ziwa la Prestvannet juu ya kisiwa chetu. Desemba iliyopita nililikalia mbele yake siku tatu. Mgongo wake unaotazama juu ulikuwa buluu yenye zambarau. Ubavu wa kusini ulikuwa na waridi hafifu sana, kama ndani ya kombe la bahari linapokuwa bado na maji. Ubavu wa kaskazini ulikuwa kijivu cha njiwa. Kwenye ukingo, pale mgongo unapokutana na ubavu wa kusini, palikuwa na uzi mwembamba usio na jina, si waridi si buluu, nao ulihama kila dakika kumi hivi. Hakuna kivuli hata kimoja, na bado tuta lote lilisimama, lina uzito, unaweza kulishika. Sungura alikuwa amepita juu yake usiku, na ndani ya kila unyayo mambo yote hayo yalijirudia kwa udogo wa kikombe cha kahawa.

Kuna buluu nyingine tena isiyotoka angani. Chomeka fimbo kwenye theluji nzito kina cha mita moja, ichomoe, chungulia shimoni. Hata siku ya mawingu ya kijivu utaona buluu imejaa humo ndani, kwa kuwa barafu hunywa nyekundu kidogo kidogo kadiri mwanga unavyosafiri ndani yake. Hiyo nayo inataka mchanganyiko wake. Kwangu shimo lina kijani kidogo, kwa hiyo natumia buluu ya Prussia iliyopunguzwa sana. Vivuli vya Machi nafanya kwa kobalti. Utosi wa mørketid ni ultramarini na tone la waridi. Msinakili, angalieni vyenu.

Vifaa nitapita haraka. Nyeupe usinunue, kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika umeipoteza. Karatasi ya pamba, gramu 300. Baridi ikizidi, maji huganda kwenye brashi, basi ongeza vodka kwenye kikopo. Rangi itakauka haraka na kusambaa vibaya kidogo, vumilia. Rangi ikiganda juu ya karatasi huchora majani kama ya kangaga, sakitu halisi. Wengi huyaleta ndani wakayaonyeshe, yakayeyuka mlangoni. Iache karatasi nje mpaka barafu iishe yenyewe kwa hewa kavu, na mara nyingine majani yatabaki.

Nimalizie la majira, maana hata hapo watu wanakosea. Tunafundishwa majira manne ya Ulaya kana kwamba yalishuka na mvua. Wasami, wenyeji wa nchi hizi, wana manane. Kati ya baridi na machipuko kuna giđđadálvi, na kwa mchoraji hakuna majira tajiri kama hayo: jua limerudi, theluji bado imejaa (mwaka 1997 ilifikia sentimita 240 hapa Tromsø, na hiyo ilikuwa tarehe 29 Aprili), na machipukizi ya betula yameanza kuvimba bila kufunguka. Ukiisogelea, betula ni kahawia. Ukisimama ng'ambo ya bonde, msitu mzima ni zambarau ya divai. Anayechora msitu wa Aprili kwa kahawia alichora tawi alilolivunja na kulipeleka mezani.

Kuna jambo moja sijalitatua. Mwanga ukipungua sana, jicho letu lenyewe hubadilika: seli zinazofanya kazi gizani huona buluu vizuri kuliko nyekundu. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliliona jambo hilo kwenye maua katika karne ya 19. Sasa ile buluu ya saa nane mchana wa Desemba, ni kiasi gani kiko kwenye theluji na kiasi gani kiko kwangu? Na ile zambarau ninayoiona pembeni mwa chungwa, ipo, au chungwa ndilo linalonisukuma niione? Kamera haisaidii, nayo ina maamuzi yake.

Na rangi zenyewe nazichanganya vipi gizani? Nikiwasha tochi ya kichwani, paleti inaonekana lakini anga linapotea. Nikiizima, naliona anga lakini sijui nimechovya nini. Hapa ukutani nimebandika karatasi mbili za tuta lilelile, siku moja, dakika kama ishirini kati yake. Ya kwanza niliichora kwa tochi, ya pili bila tochi, nikikumbuka tu kila rangi iko kidimbwi gani. Ya kwanza ni safi na inafanana na anga kwenye simu. Ya pili, chini ya taa ya sebuleni, ina matope na kijani mahali nilipoapa kuna waridi. Lakini nikizima taa, nikasubiri macho yazoee, nikaitazama kwa mwanga unaoingia dirishani, ni ya pili ndiyo inayonirudisha Prestvannet. Nimezifanya hivyo jioni tano mfululizo. Sijui nimpelekee nani ipi, na upepo ukitulia kesho nitaenda kuchora ya tatu.