Uchunguzi wa Uhalifu wa Fedha na Uzingatiaji: Kozi ya Uzamili Inafundisha Nini

Uchunguzi wa uhalifu wa fedha na uzingatiaji ni eneo la masomo ya uzamili linalounganisha kazi mbili ambazo kwa kawaida hufanywa na watu tofauti na kupimwa kwa vigezo tofauti. Ya kwanza ni ya mpelelezi, ambaye huanza na kosa lililokwisha kutendeka na kurudi nyuma akifuata nyayo za fedha mpaka apate ushahidi unaoweza kusimama mahakamani. Ya pili ni ya afisa uzingatiaji, ambaye hukaa ndani ya benki, kampuni ya bima, SACCOS au duka la kubadilishia fedha, na wajibu wake ni kuhakikisha kwamba taasisi yake inafuata sheria na haigeuzwi kuwa njia ya kupitishia fedha haramu. Wengi hudhani kozi hii ni uhasibu wa ngazi ya juu uliotiwa sheria kidogo. Kwa maoni yangu kiini chake kiko kwingine: inafundisha namna shaka ya mtu wa kaunta inavyogeuka kuwa ushahidi, na mahali ambapo safari hiyo hukwama.

Uhalifu wa fedha wenyewe ni dhana pana inayojumuisha rushwa, wizi wa fedha za umma, udanganyifu, ukwepaji kodi, ufadhili wa ugaidi na utakasishaji wa fedha haramu. Huo wa mwisho hupewa nafasi kubwa darasani kwa sababu karibu kila uhalifu wenye faida huishia hapo, kwa kuwa fedha iliyopatikana kwa njia chafu lazima ipewe maelezo kabla ya kununulia nyumba. Kwa kawaida mchakato huelezwa kwa hatua tatu. Fedha huingizwa kwanza katika mfumo rasmi, kisha huzungushwa katika akaunti na kampuni mbalimbali ili chanzo chake kipotee, na hatimaye hurudi kwa mwenyewe ikiwa na sura ya mapato halali.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao mtu wa Arusha ataufahamu kwa urahisi. Kuna hoteli ya vyumba ishirini ambayo mwezi Julai, watalii wanapokuwa wengi, huweka benki mapato makubwa, jambo ambalo halimshangazi mtu. Afisa uzingatiaji anapopitia taarifa za akaunti anaona kwamba Aprili na Mei, wakati masika yamefunga barabara nyingi za mbugani na hoteli zinapunguza wafanyakazi, kiasi kinachowekwa hakijashuka hata kidogo. Hapo shaka inaanza, lakini bado haina uzito. Biashara ya utalii hupokea malipo ya awali, na kundi litakalokuja Julai linaweza kabisa kulipa Aprili. Afisa mzuri anaijua biashara ya mji wake, kwa hiyo swali lake la pili ni namna fedha ilivyoingia. Malipo ya awali ya mgeni aliyeko Ujerumani huja kwa uhamisho wa benki au kwa kadi, ilhali fedha hizi zililetwa kaunta zikiwa shilingi taslimu, kwa mafungu madogomadogo, na watu watatu wasiokuwa wafanyakazi wa hoteli.

Kuanzia hapo sheria inashika usukani. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaitaka taasisi iliyopata shaka itoe taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24, na inakataza kumdokeza mteja kwamba ameripotiwa. Wajibu huo haukuishia kwa mabenki, kwani wahasibu, madalali wa nyumba na viwanja, kasino na wafanyabiashara wa madini na vito wamo pia, na katika mji wa biashara ya vito kama Arusha watu hao si wachache. Afisa uzingatiaji hatakiwi kuthibitisha kosa. Anatakiwa kueleza kwa uwazi alichokiona, kwa tarehe na kiasi, na kwa nini hakilingani na anachokijua kuhusu mteja. Taarifa inayosema tu kwamba miamala si ya kawaida haimsaidii anayeipokea, na sehemu isiyopuuzika ya kozi huwa ni mazoezi ya kuandika taarifa hizo.

Mpelelezi anaipokea shaka hiyo na kukuta kwamba mahakamani haitoshi, kwa sababu kosa la jinai huthibitishwa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Lazima atoke nje ya benki. Katika mfano wetu atatafuta vitu ambavyo mwenye hoteli hakukumbuka kuvighushi: uniti za LUKU zilizonunuliwa Aprili, ankara za maji, gesi ya jikoni, mayai, sabuni ya kufulia mashuka, na risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi. Hoteli iliyojaa haiwezi kutumia umeme wa hoteli tupu. Pengo kati ya matumizi na mapato yanayodaiwa likishaonekana, kazi inayofuata ni kutafuta fedha ilitoka wapi, na hapo miamala ya simu, kumbukumbu za mawakala na taarifa za wamiliki manufaa wa kampuni, yaani watu wanaozimiliki au kunufaika nazo kwa hakika, zilizoko BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, huingia kazini. Kila kielelezo lazima kiwe na historia isiyokatika, yaani nani alikichukua, lini, kikahifadhiwa wapi na kikakabidhiwa kwa nani. Kielelezo kilichopotea njiani kwa siku mbili kinaweza kuangusha kesi iliyochukua miaka kuandaliwa. Kwa upande wa ushahidi wa kielektroniki, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka vigezo vya kuupokea na kuupima.

Usahihi huu si urembo wa kitaaluma. Kwa sheria za Tanzania Bara, utakasishaji wa fedha umekuwa miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, maana yake anayeshtakiwa kwa uchunguzi wa ovyo anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla mahakama haijasema lolote kuhusu hatia yake. Kozi isiyolizungumzia jambo hili inatoa mafundi wa kukamata tu.

Kuna pia zana za uchambuzi. Wanafunzi huipenda sana kanuni ya Benford, inayosema kwamba katika orodha nyingi za hesabu halisi tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takribani asilimia 30 ya nyakati, na 9 kwa chini ya asilimia 5. Orodha ya malipo iliyotungwa mezani mara nyingi hukiuka mgawanyo huo, ingawa bei zilizopangwa mapema nazo huukiuka bila kosa lolote, kwa hiyo kanuni huonyesha pa kuchimba na haithibitishi kitu. Kwa upande wa mwenendo wa watu hutumika mawazo ya Mmarekani Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliotapanya fedha walizokabidhiwa. Kutokana na kazi yake yakajulikana mambo matatu yanayokutana: shida ambayo mtu hawezi kuisema, nafasi ya kutenda, na maneno ya kujihalalishia. Mtu wa Moshi aliyekulia kwenye vyama vya ushirika hahitaji mfano wa mbali, kwani mtunza hazina wa SACCOS anayepokea fedha, anayeandika daftari na anayepeleka benki peke yake ana ile nafasi tayari, na mara nyingi hujiambia kwamba anakopa tu na atarudisha baada ya mavuno.

Upande wa uzingatiaji una sura ya kimataifa ambayo wanasheria wa hapa kwetu hukutana nayo kwa mara ya kwanza wanapofika uzamili. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu kilichoundwa mwaka 1989, ndicho kinachotoa viwango 40 ambavyo nchi hupimwa navyo, na toleo la mwaka 2012 lilizitaka taasisi zielekeze nguvu palipo na vihatarishi vikubwa badala ya kumhoji kila mteja kwa kiwango kilekile. Kwa kanda yetu kazi hiyo inasimamiwa na ESAAMLG, umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ulioanzishwa hapahapa Arusha mwaka 1999, na sekretarieti yake iko Dar es Salaam. Tanzania iliwekwa katika orodha ya kijivu ya FATF, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya mapungufu katika kudhibiti fedha haramu, Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025. Nchi ikiwa katika orodha hiyo, benki za nje huuliza maswali zaidi kabla ya kupitisha fedha, na wakala wa safari anayesubiri malipo ya wageni wake anaweza kuyahisi maswali hayo hata kama hajawahi kuisikia FATF.

Kuhusu kujiunga, programu za namna hii kwa kawaida hupokea wenye shahada ya kwanza ya sheria, uhasibu, fedha, TEHAMA au uchumi, pamoja na maafisa wa polisi, kodi na forodha wenye uzoefu. Mchanganyiko huo una faida, kwa kuwa mwanasheria husoma mizania kwa taabu na mhasibu hushangaa kuona ushahidi anaouona dhahiri ukikataliwa. Programu hizi huchukua mwaka mmoja au miwili, zikimalizika kwa tasnifu katika ngazi ya shahada ya uzamili. Ugumu wa tasnifu ni data, kwa sababu hakuna benki itakayomkabidhi mwanafunzi taarifa za wateja wake. Njia inayofaa kwa wengi ni kuanza na hukumu zilizochapishwa katika TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kuzisoma kwa kufuatana, na kuangalia ni katika hatua gani hasa upande wa mashtaka ulishindwa kuonyesha uhusiano kati ya fedha na kosa linalodaiwa kuizaa.