Tyubu ya krimu na kasma mbili

Mimi ni mkaguzi wa hesabu za huduma za afya. Mkaguzi mpya akija ofisini, kesi ninayompa asome kwanza ni ya TRICARE, mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani unaogharimia matibabu ya watu zaidi ya milioni 9: wanajeshi, wastaafu na familia zao. Mwaka 2004 mpango huo ulilipa takriban dola milioni 5 kwa dawa zinazochanganywa na mfamasia. Mwaka 2014 zilikuwa milioni 514, na mwaka uliofuata zikapita bilioni moja na nusu.

Chukua dai moja la malipo ya krimu ya maumivu. Zamani duka la dawa liliandika kiambato kikuu, basi. Mwaka 2012 utaratibu ukabadilika, kila kiambato kikawa na mstari wake na bei yake. Nia ilikuwa uwazi. Wajanja wakaona mwanya: ongeza viambato, teua vile ambavyo bei yake iliyotangazwa ni kubwa kupita vyote, na tyubu moja inafika maelfu ya dola. Msimbo wa dawa upo, bei ipo, sahihi ya daktari ipo, ingawa wakati mwingine daktari huyo hakuwahi kumwona mgonjwa. Ukikagua mstari mmoja mmoja, hukuti kosa.

Ukaguzi wa mwisho wa mwaka haukuzuia hayo. Kilichozuia ni mchujo ulioanza Mei 2015, dai likisimamishwa kabla ya kulipwa na kila kiambato kuulizwa kama kinastahili kulipiwa. Malipo yakaporomoka upesi sana. Mashtaka yaliendelea kwa miaka, lakini fedha ikishatoka, kuirudisha ni shughuli.

Kinachoniuma zaidi ni athari kwa hospitali za jeshi zenyewe. Bajeti ya matibabu ya wizara hiyo ina kasma, yaani mafungu ya matumizi, mbili kubwa: tiba ndani ya hospitali za jeshi, na ankara za hospitali na madaktari wa kiraia. Ankara za nje ni deni, hazina subira. Zikizidi makadirio, macho yote hugeukia kasma ya ndani, na ndiyo maana Bunge hutaka kuarifiwa kabla fedha hazijahamishwa. Nafasi ya muuguzi wa ganzi ikikaa wazi, upasuaji unapungua, mgonjwa anapelekwa nje, na ankara inayorudi inaikamua tena kasma ileile. Desemba 2023 Kathleen Hicks, naibu waziri wa ulinzi wakati huo, aliagiza wagonjwa warudishwe kwenye hospitali za jeshi. Naliunga mkono agizo hilo, ila bila watumishi wa kuwapokea, watageuzwa mlangoni.

Kwa hiyo taarifa yoyote ya gharama ikinifikia, naomba tarakimu mbili ziwekwe ukurasa mmoja: nafasi zilizo wazi katika kitengo, tuseme cha mifupa, na ankara za nje za mifupa kwa miezi ileile. Mara nyingi hutunzwa na ofisi mbili zisizosomeana.