Unafunga nyumba kwenda likizo? Anza na plagi, kufuli baadaye

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Tabora, na Januari ndiyo mwezi wangu wa mavuno. Watu wanarudi kutoka Kigoma, Mwanza, Dar au kijijini. Wanakuta kufuli lipo na madirisha mazima, lakini TV haiwaki, king'amuzi kimekufa, na friza inanuka hadi barazani. Kabla ya safari mazungumzo yote yalikuwa ya wezi. Umeme hakuna aliyeukumbuka.

Likizo ya Desemba huku kwetu inaangukia katikati ya mvua, na mvua zetu haziji bila radi. Ukiwa nyumbani, ikianza kunguruma upande wa Urambo, unachomoa vitu bila hata kuambiwa. Ukisafiri hakuna wa kuchomoa.

Wateja huniambia, "Lakini fundi, soketi nilizima." Swichi ya soketi, kwa nyingi tunazofunga, inakata waya wa moto, ule unaoleta umeme, peke yake. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa kwenda ardhini) bado zimeshikana na kifaa chako. Tena ndani ya ile swichi mwanya ni wa milimita chache tu, na radi iliyotoka mawinguni haishindwi kuruka milimita chache. Fyuzi ya ampia 13 iliyo kwenye plagi nayo usiitegemee hapo. Imewekwa ili ikatike mkondo unapozidi kwenye waya, lakini radi inakuwa imeshapita na kuharibu kabla fyuzi haijapata joto. Kinachookoa TV ni plagi kutoka ukutani, basi. Waya wa dishi nao uchomoe nyuma ya king'amuzi, maana dishi liko juu ya bati na linapokea zaidi ya picha.

Ila radi inasingiziwa mengi. Kuna mharibifu mwingine ambaye watu hawamjui: nyutro iliyokatika mtaani. Nyumbani kwako unatumia volti 230, kati ya waya mmoja wa moto na nyutro. Kwenye nguzo nyaya za moto ziko tatu, na kati ya mmoja na mwingine kuna volti 400. Upepo ukiangusha tawi la mwembe likakata nyutro, nyumba za fezi tofauti, yaani zilizoungwa kwenye nyaya tofauti za moto, zinajikuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, zinagawana zile volti 400. Na hazigawani sawa. Nyumba yenye matumizi makubwa inapata volti kidogo, yenye matumizi madogo inatupiwa nyingi. Sasa fikiria: ni nyumba gani mtaani yenye matumizi madogo kuliko ile iliyofungwa, ikiwa na king'amuzi kimoja na taa ya nje? Breka haitashuka, kwa sababu mkondo wenyewe si mkubwa. Kilichozidi ni volti. Kuna vifaa vya kulinda volti vinavyofungwa kwenye boksi la breka, vinakata zikizidi au zikipungua mno. Kama una vitu vya thamani, mwombe fundi wako akufungie kimoja.

Basi tuzime meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba nzima, tuondoke? Kama friza haina kitu, ndiyo, zima, na plagi uzichomoe vilevile. Shida huwa ni hiyo friza. Mama mmoja wa Ipuli aliniuliza, "Sasa fundi, migebuka niliyoletewa kutoka Kigoma niipeleke wapi?" Nikamwambia uile, mama, au mpe jirani. Friza iliyojaa ikikosa umeme, bila kufunguliwa, inashikilia ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 hivi. Wewe unakwenda wiki mbili. Ukishaitoa vitu ikaushe, uache mlango wazi kidogo ukiuzuia na kitambaa, usipofanya hivyo utarudia ukungu.

Ukilazimika kuacha nyama ndani, gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena ulipokuwa safarini. Hapo tupa, hata kama kwa macho kinaonekana kizuri.

Na Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, je? Ukiwa mbali unaweza kununua umeme kwa simu, lakini zile namba 20 lazima mtu azibofye. Kama kidude cha kubofyia kimefungiwa sebuleni, tokeni yako ni ujumbe tu kwenye simu. Weka yuniti za kutosha kabla, au mwachie ufunguo mtu unayemwamini. Taa ya nje inayowaka usiku na mchana haili umeme mwingi, balbu ya wati 9 ni kama yuniti 3 kwa wiki mbili, lakini inatangaza kwamba hamna mtu. Funga yenye sensa ya mwanga, ijizime yenyewe alfajiri.

Mengine si fani yangu, nayataja kwa haraka. Funga mtungi wa gesi. Funga koki kuu ya maji, maana floti ya tenki ikikwama maji yatamwagika hadi urudi. Usiache ndoo zenye maji, mbu hawahitaji hata wiki mbili. Maboksi ya karatasi yatoe sakafuni, mchwa wa Tabora mnawajua.

Siku ya kurudi, nusa kwanza. Ukihisi gesi usiguse swichi yoyote, fungua milango na madirisha. Kama hewa ni safi, shusha breka zote, washa meni, halafu pandisha breka moja baada ya nyingine ndipo urudishe plagi. Nyumba ikikaa kimya, panya hufanya watakavyo darini, na nyaya huwa wanazitafuna. Breka moja ikikataa kupanda hata baada ya kuchomoa kila kitu kwenye laini yake, iache chini. Usiizuie kwa kijiti wala kuifunga kamba, jambo ambalo nimelikuta kwa macho yangu. Tumia laini nyingine hadi fundi apande darini kuangalia.