Kwa nini picha ya Polaroid unaweza kuivuruga kwa mkono ikawa sanaa?

Je, wajua kuna picha ukishaipiga unaweza kusogeza rangi zake kwa mpini wa kijiko tu, bila kompyuta wala programu ya simu? Ni zile za Polaroid zinazotoka kwenye kamera palepale.

Siri iko kwenye ule ukingo mweupe wa chini, ule mpana. Mle ndani kuna kifuko cha dawa, sasa picha ikitoka inabanwa na rola mbili, kifuko kinapasuka, dawa inasambaa kwenye matabaka ya jelatini na rangi zinaanza kupanda. Yaani unachokishika ni ute uliofungwa ndani ya plastiki, bado mbichi kabisa. Filamu ya SX-70, iliyokuja na kamera yake 1972, ilikaa laini masaa mengi. Tuseme umepiga jahazi pale Mikindani, unailaza picha mezani, unakandamiza juu ya plastiki kwa ncha butu, taratibu, tanga linavutika, maji yanajikunja mawimbi ambayo siku hiyo hayakuwepo, ukizidisha nguvu rangi inahama inabaki alama. Msanii Lucas Samaras, mzaliwa wa Ugiriki aliyeishi New York, alianza 1973 kujipiga picha mwenyewe na kuuvuruga mwili wake pichani hivyohivyo, na picha zile zinatisha kweli.

Filamu ile haitengenezwi tena, na za sasa hazisogei kirahisi vile. Ila bado unaweza kuubandua utando wenye picha! Unakata ukingo, unatenganisha mbele na nyuma, ile ya mbele unaitia kwenye maji ya moto kiasi na kuisugua polepole kwa brashi laini mpaka utando wa picha uachie uelee, mwembamba kama malai. Vaa glavu, ile dawa inaunguza ngozi. Halafu unapitisha karatasi nzito chini yake unaunyanyua, na ile mikunjo unaipanga mwenyewe kwa brashi kabla haijakauka, mi naona hapo ndo utamu wote ulipo.

Kwa sisi wa Mtwara kuna suala la joto. Polaroid wanashauri nyuzi 13 hadi 28, Desemba mchana huku tunapita hapo, picha inaelekea unjano au wekundu. Kama huitaki rangi hiyo piga asubuhi na filamu itunze kwenye friji, isigande tu. Na utando huo unashika hata kwenye mbao, kwa hiyo mtu akikwangua vizuri kipande cha mti kwa mafundi wa vinyago wa Kimakonde, akabandika juu yake uso wa bibi yake, nitaomba nikione.