Nani Anaiendesha Meza? Watu wa Programu ya Mazungumzo ya Dini, Chuo Kikuu cha Cambridge

Sheikh, askofu na rabi wakipigwa picha ya pamoja, hiyo ni itifaki. Kazi ya programu ya chuo kikuu inayotafiti dini mbalimbali na kuwakutanisha waumini wake huanza picha ikishapigwa, na wengi wanaoifanya hawamo kwenye picha hiyo. Makala hii inaeleza watu hao ni nani, kila mmoja anafanya nini, na mambo huharibikia wapi. Mfano wetu ni Cambridge Interfaith Programme ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2002 ndani ya Kitivo cha Teolojia cha Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwanzilishi wake ni David Ford, mwanateolojia Mwanglikana mzaliwa wa Dublin, ambaye mwaka 1991 alipewa kigoda cha Regius cha teolojia, yaani cheo cha uprofesa wa kifalme, kilichowekwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1540. Cheo hicho kina uzito wake. Mwenye kigoda kama hicho akimpigia simu askofu mkuu au balozi, simu hupokelewa. Ila wazo lenyewe halikuzaliwa Cambridge. Mapema miaka ya 1990, huko Marekani, kundi la wasomi wa Kiyahudi akiwemo mwanafalsafa Peter Ochs lilikuwa na desturi ya kukaa pamoja na kusoma maandiko yao. Wanafalsafa walikuwa upande huu, wataalamu wa Talmud, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, upande ule, na hoja zilipambana kweli kweli juu ya kifungu kimoja kifupi. Ford na baba mkwe wake, kasisi Daniel Hardy, waliomba wakae pembeni wasikilize. Baadaye wakasogea mezani, na kabla ya muongo kwisha Waislamu nao wakaingia. Hapo ndipo ilipopatikana njia inayojulikana kama Scriptural Reasoning: Myahudi, Mkristo na Mwislamu wanasoma vifungu vifupi kutoka Tanakh (Biblia ya Kiyahudi), Agano Jipya na Qur'ani, wanaulizana maswali, na hakuna anayetakiwa kuacha imani yake wala kukubaliana na mwenzake.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba Wakristo waliingia kama wageni kwenye kikao cha Wayahudi. Programu nyingi hushindwa kwenye hatua hii hii. Dini yenye watu wengi na majengo ndiyo inayoalika, ndiyo inayopanga ajenda, halafu inashangaa wengine wakija mara moja na wasirudi tena.

Kwa upande wa Waislamu, Cambridge haikutafuta mtu wa kujaza kiti. Tim Winter, anayefahamika pia kama Abdal Hakim Murad, alikuwa mhadhiri wa masomo ya Kiislamu katika kitivo hicho hicho, na mwaka 2009 alianzisha Cambridge Muslim College. Aref Ali Nayed, msomi kutoka Libya, alikuwa mshauri mwandamizi wa programu. Uzito wa watu hawa ulionekana baada ya tarehe 13 Oktoba 2007, wanazuoni 138 wa Kiislamu walipowaandikia viongozi wa Kikristo barua ya wazi, A Common Word, iliyochukua jina lake kutoka aya ya 64 ya Sura Aal Imran, ile inayowaita Watu wa Kitabu waje kwenye neno lililo sawa baina yao na Waislamu. Oktoba 2008 Cambridge ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kuijadili barua hiyo, pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Rowan Williams. Mkutano wa namna ile hauandaliwi kwa mwaliko wa barua pepe. Unahitaji watu ambao tayari wamekaa meza moja miaka kadhaa na wanajua nani atakasirika kwa lipi.

Kisha kuna fedha. Chuo kina kigoda cha uprofesa wa dini za Ibrahimu na maadili ya pamoja, kilichowekewa wakfu na Oman kwa jina la Sultani Qaboos bin Said, wa ukoo ule ule wa Al Busaidi uliotawala Zanzibar hadi 1964. Wa kwanza kukikalia alikuwa Garth Fowden, mwanahistoria wa zama ambazo Uislamu ulichomoza kati ya Roma na Uajemi. Aliyemfuata, Esra Özyürek, ni mwanaanthropolojia aliyetafiti, pamoja na mengine, Wajerumani waliosilimu, na ndiye aliyekuja kuongoza programu kitaaluma. Kutoka kwa mwanateolojia, kwenda kwa mwanahistoria, hadi kwa mwanaanthropolojia: hayo si mabadiliko madogo. Mwanateolojia huuliza andiko linasema nini, mwanahistoria huuliza liliposemwa nani alikuwa jirani, na mwanaanthropolojia huenda kuangalia jirani wa leo anaishije. Ukitaka kujua programu itachukua mwelekeo gani miaka mitano ijayo, angalia tangazo la kazi la mkuu wake kabla ya kusoma mpango mkakati.

Wakfu una faida moja kubwa. Mtaji hauliwi, faida yake ndiyo inayolipa mshahara, kwa hiyo kigoda hakitikisiki serikali ikibadilika. Ruzuku ya miaka mitatu ni kitu kingine. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye kuajiri na kupata vibali, wa pili ndio wa kazi, na wa tatu watu wanaandika maombi ya ruzuku nyingine. Lakini hata wakfu una kasoro isiyosemwa sana, kwamba humlipa profesa na haumlipi mratibu. Fedha hufuata kigoda, uaminifu wa watu humfuata mratibu.

Mratibu ndiye anayejua kwamba kikao cha Ijumaa adhuhuri kinamfukuza Mwislamu, cha Ijumaa jioni na Jumamosi kinamfukuza Myahudi anayeshika Sabato, na cha Jumapili asubuhi kinamfukuza Mkristo, hivyo kinachobaki ni Jumatatu hadi Alhamisi. Ndiye anayekumbuka kuwa chakula cha mboga tupu kinatatua suala la halali lakini hakitatui la kosher, kwa sababu kwa Myahudi mshika sheria vyombo na jiko navyo vinahusika. Njia salama ni kuagiza chakula chake kikiwa kimefungwa na lakiri. Mwezi wa Ramadhani hupanga kikao kiishe dakika chache kabla ya magharibi, tende na maji vikiwa tayari, au hukiahirisha kabisa. Namba za simu za imamu wa mtaa, za mwalimu wa sinagogi na za mchungaji ziko kwenye simu yake. Akiwa na mkataba wa mwaka mmoja na akaondoka, daftari la majina linabaki ofisini ila watu hawapokei tena simu. Hiki ndicho chanzo cha kufa kwa programu nyingi ambazo kwenye ripoti zinaonekana zina afya njema.

Wa pili asiyeonekana ni mwezeshaji. Tuangalie kikao kimoja kwa karibu, mada yake ikiwa ukarimu kwa mgeni. Washiriki ni sita hadi tisa, wasipungue wawili kwa kila dini, maana aliye peke yake hugeuka msemaji wa waumini wote duniani, na huo ni mzigo asioubeba mtu. Karatasi ina vifungu vitatu: Mwanzo 18:1–15, Luka 24:28–35, na Sura Adh-Dhariyat aya ya 24 hadi 30. Lugha ya asili iko safu moja na tafsiri safu ya pili. Kila kifungu kina dakika 25. Mtu wa dini husika hutoa utangulizi usiozidi dakika tano, kifungu husomwa kwa sauti, kisha maswali yanaanza. Dakika 15 zinazobaki ni za kufungua na kufunga, jumla saa moja na nusu.

Katika Mwanzo, Ibrahimu anawaona watu watatu, anawakimbilia, anaagiza mikate na ndama, na wageni wanakula. Katika Adh-Dhariyat wageni wanatoa salamu, yeye anajiondokea kimyakimya kwenda kwa ahali zake, analeta ndama aliyenona, anamsogeza karibu yao na kuwauliza mbona hawali. Hawali, na hofu inamwingia moyoni. Hapa ndipo penye mtego. Mwislamu mmoja husema malaika hawali, kwa hiyo Mwanzo imekosea. Mkristo hujibu kwa kuitetea Biblia nzima, na ndani ya dakika mbili kikao kimegeuka mashindano. Mwezeshaji mzuri hatoi hotuba ya kuvumiliana. Anauliza tu, "Tuko aya ya ngapi?" na kuomba isomwe tena. Macho yakirudi kwenye karatasi, swali linabadilika: kwa nini mwenye nyumba aogope mgeni asipokula? Aliyekulia mahali ambapo kukataa chakula cha mtu ni ishara ya nia mbaya hahitaji kuelezwa, na mara nyingi yeye ndiye anayewafungulia wenzake. Halafu Myahudi huongeza kwamba marabi wa Talmud nao walilishughulikia suala la malaika kula, wakasema wageni wale walionekana tu kama wanakula. Kumbe swali la Mwislamu lilishawakera Wayahudi siku nyingi. Ukigeukia Luka unakuta mgeni wa Emau anakaribishwa mezani, anachukua nafasi ya mwenyeji, anaumega mkate, kisha anatoweka machoni pao. Hakuna hitimisho linaloandikwa ubaoni.

Makosa ya kawaida ya mwezeshaji ni mawili. La kwanza ni kumwachia mtaalamu aseme robo saa kwa sababu anajua Kiarabu au Kiebrania. Wengine hunyamaza na hawaamki tena. La pili ni kuruhusu kila mtu alete aya za nje ya karatasi. Mwenye kuhifadhi zaidi ndiye anayeshinda, na asiyehifadhi hana la kushika. Maarifa ya nje yanaruhusiwa pale tu yanapofungua kifungu kilicho mezani, kama ile habari ya marabi.

Njia hii ilivuka kuta za chuo. Jijini London ilitumika katika kituo cha St Ethelburga's, kanisa la kale lililobomolewa mwaka 1993 na bomu la IRA, kundi la Ireland lililopigana na utawala wa Uingereza, na kujengwa upya kuwa kituo cha upatanishi. Uani kwake lipo hema la kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Hema halina upande wa mbele wala madhabahu, na hiyo si pambo: kikao kikifanyika kanisani au msikitini, nusu ya watu wako nyumbani na nusu wako ugenini hata viti viwe vingi kiasi gani.

Sasa utafiti. Programu ya chuo ina watafiti wa uzamivu na waliohitimu uzamivu wenye mikataba mifupi, na kila mmoja anahitaji data. Kishawishi cha kuifanya meza ya mazungumzo kuwa shamba la data ni kikubwa. Utaratibu sahihi ni mtafiti ajitambulishe tangu kikao cha kwanza, apate kibali cha kamati ya maadili, achukue ridhaa ya maandishi ya kila mshiriki, na aeleze kwamba mtu anaweza kujitoa na maneno yake yakafutwa. Kinasa sauti kisiwashwe kimya kimya. Vilevile wapiga picha wa kitengo cha habari cha chuo waje siku nyingine, kwani wapo washiriki ambao kuonekana kwenye picha hiyo kunawaletea maneno msikitini au kanisani kwao. Wafadhili nao hutaka idadi ya waliohudhuria. Wapewe, lakini namba yenye maana zaidi ni ya waliorudi mara ya tatu.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala wa dini mbili hadharani umezoeleka kwa sura ya mihadhara ya kulinganisha dini: vipaza sauti, Biblia na Qur'ani mezani, na umati unaoshangilia aliyembana mwenzake. Anayetaka kuanzisha meza ya kusoma ajue kwamba washiriki wake watakuja na mazoea hayo, na maswali ya kwanza yatakuwa ya kumnasa mtu. Wapo pia waliotangulia: PROCMURA, mradi wa makanisa ulioanza mwaka 1959 na wenye makao yake Nairobi, imefanya kazi ya mahusiano ya Wakristo na Waislamu kwa miongo mingi.

Suala la tafsiri litajitokeza mapema. Kwa Biblia, Union Version ya 1952 inafahamika kwa Waprotestanti wengi, ila Mkatoliki mezani anaweza kuwa na nyingine. Kwa Qur'ani mambo ni magumu zaidi. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ni ya kasisi Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana. Ya 1953 ni ya Waahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaikubali. Na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika 1969. Ukichapisha aya kutoka kwa Dale bila kusema, kikao kinaweza kuvunjika kabla ya utangulizi. Waislamu waliomo wachague wenyewe, na Kiarabu kiwepo kando. Karatasi zikusanywe baada ya kikao. Zisiachwe sakafuni wala kutupwa kwenye pipa la taka.

Na bajeti ikitosha mtu mmoja tu, aajiriwe mratibu, kwa mkataba usiopungua miaka mitatu. Profesa tayari ana mshahara.