Nia mbaya ya kampuni ya bima: maana yake mahakamani

Ukizoea tamthilia za mahakamani za Kimarekani, hadithi hii unaijua. Mgonjwa anahitaji kupandikizwa uboho, kampuni ya bima inamjibu kwa barua fupi kwamba haitalipa, na wakili kijana asiye na ofisi ya maana anaipeleka mahakamani. Mwisho wake raia walioitwa kuamua kesi wanatoza kampuni mamilioni ya dola. Watazamaji wengi huondoka wakidhani kampuni imeadhibiwa kwa sababu ilikataa dai. Kukataa dai peke yake si kosa, maana yapo madai ambayo mkataba hauyagusi. Kinachoadhibiwa ni nia mbaya: kukataa bila sababu ya msingi huku kampuni ikijua kwamba haina sababu, au isijali kujua.

Kwa nini bima ipewe kanuni yake ya pekee? Fikiria umelipia gunia la mchele na muuzaji hajalileta. Utakasirika, utamdai fedha zako, na jioni utanunua kwa jirani yake. Bima haiko hivyo. Unalipa kwanza, mwaka baada ya mwaka, ili ulipiwe siku moja ambayo utakuwa mnyonge kuliko siku zote. Siku hiyo kampuni ikikugeuka, huwezi kununua bima nyingine kwa jirani. Nani atamuuzia bima mtu ambaye saratani imeshamwingia? Kampuni nayo inajua kwamba kila wiki ya kuchelewa inamdhoofisha anayedai. Kama adhabu pekee ni kulipa kile ilichopaswa kulipa tangu mwanzo, basi kukataa hakuna hasara kwake.

Mahakama Kuu Kabisa ya California ililiona hilo mwaka 1973, katika kesi ya Gruenberg, mwenye baa iliyoungua moto. Ilisema kwamba ndani ya kila mkataba wa bima mna wajibu wa kutendeana kwa nia njema, hata kama haukuandikwa, na kampuni ikiuvunja inaweza kushtakiwa kama mtu aliyemdhuru mwenzake, si kama mvunja mkataba tu. Mwaka 1979, katika kesi ya Egan, mahakama hiyohiyo iliongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kampuni haiwezi kukataa dai kabla ya kulichunguza kwa kina, na katika uchunguzi huo lazima itafute pia sababu za kulipa. Yule mwenye bima alikuwa ameumia mgongo, na kampuni haikumtuma kwa daktari wala haikuzungumza na waliomtibu.

Kesi inayofanana zaidi na tamthilia ni ya Fox dhidi ya Health Net, California, mwaka 1993. Mama wa watoto 3 mwenye saratani ya matiti aliombewa na madaktari wake tiba kali ya dawa pamoja na upandikizaji wa uboho. Kampuni ilisema hayo ni matibabu ya majaribio, na mkataba hauyalipii. Ndugu na majirani wakachangishana zaidi ya dola 200,000, akatibiwa, akafariki miezi michache baadaye. Mahakamani, wakili wake akiwa kaka yake wa kuzaliwa, ilielezwa kwamba marupurupu ya wakubwa waliokataa dai yalifungamana na kupunguza gharama. Raia walioamua kesi hiyo waliamuru kampuni ilipe dola milioni 89, sehemu kubwa ikiwa fidia ya adhabu, yaani fedha za kuiadhibu kampuni, juu ya fidia ya hasara yenyewe. Baadaye pande mbili zilipatana kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo tamthilia haingeigusa. Mwaka 1999 matokeo ya tafiti kubwa yalianza kuonyesha kwamba tiba ile haizishindi tiba za kawaida kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Je, kampuni ilikuwa sahihi? Kwa upande wa tiba, pengine. Lakini swali la nia mbaya halihusu nani alibahatika kuwa sahihi miaka 6 baadaye. Linauliza aliyetia saini barua ile alikuwa anapima nini siku ile: faili la mgonjwa au marupurupu yake. Ndiyo maana katika kesi hizi wakili hupigania kwanza kupata miongozo ya ndani ya kampuni na barua za ofisini, kabla hata ya kumwita daktari bingwa.

Tena, Wamarekani wengi hawawezi kufungua kesi kama hiyo. Mwaka 1974 Bunge lao lilipitisha sheria ya mafao ya wafanyakazi iitwayo ERISA, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba aliyepata bima kupitia mwajiri binafsi hawezi kutumia sheria ya jimbo kudai fidia ya adhabu. Atadai huduma aliyonyimwa au thamani yake, na pengine gharama za wakili. Kama mgonjwa ameshafariki bila kutibiwa, huduma yenyewe haipo tena. Naona huu ni uonevu mkubwa, kwa kuwa unawaacha bila kinga watu wale wale waliotegemea bima ya kazini. Anayejinunulia bima mwenyewe, au aliyeajiriwa na serikali, hafungwi na sheria hiyo.

Mawakili nao wana mipaka yao. Wakili haruhusiwi kuingia wodini kutafuta wateja vitandani. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono adhabu ya wakili wa Ohio aliyemfuata hospitalini msichana wa miaka 18 aliyeumia kwenye ajali ya gari. Wakili wa kampuni naye haruhusiwi kuficha nyaraka alizoamriwa kuzitoa, hata mteja wake akimsihi. Na kwa kuwa wakili wa mgonjwa kwa kawaida halipwi kitu hadi ashinde, kisha huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi, kampuni ikileta fedha za suluhu mapema yeye ana sababu zake za kuzitamani. Maadili yanamtaka azipeleke kwa mteja bila kuficha senti. Kukubali au kukataa ni kwa mgonjwa au, asipokuwapo tena, kwa msimamizi wa mirathi yake.